Karatasi ya Mtaa: shajara ya wiki 24

Wiki ya 1

Usiku wa leo tulikuwa wanne tu sebuleni kwangu: mwalimu mstaafu wa nyumba ya mkabala, seremala anayekaa kona, binti yake anayesomea takwimu chuoni, na mimi. Wizi upo mtaani, lakini kilichotukutanisha ni kisa cha kijana wa wiki iliyopita.

Jioni ile mtu aliandika kwenye kundi letu la simu: "Kuna mwizi anazunguka, shati jekundu." Hakusema amemwona akifanya nini, wala wapi. Dakika ishirini baadaye akatokea kijana mwenye shati jekundu, akasimama mbele ya geti akisoma namba. Mtu akapiga ukelele wa mwizi, na kila msomaji wa Kiswahili anajua ukelele huo unaita nini. Kijana alikuwa anatafuta nyumba ya shangazi yake. Aliokolewa na shangazi mwenyewe, aliyetoka nje baada ya kusikia jina lake likitajwa katikati ya vipigo, akajitupa juu yake na kusema, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu! Ni mtoto wa kaka yangu!" Aliondoka na mdomo uliopasuka na kiatu kimoja.

Nilikuwa kwenye kundi lile. Niliusoma ujumbe ule na sikuuliza kitu.

Tumekubaliana kutoa karatasi ya habari za mtaa kila baada ya wiki mbili, ukurasa mmoja mbele na nyuma, na kuweka daftari la matukio ambalo karatasi itachota kwake. Daftari lina safu nne: nini, wapi, lini, kwa njia gani. Binti wa seremala alichora safu ya tano, "nani anashukiwa", akaitazama kidogo, akaifuta mwenyewe kabla hatujasema neno.

Wiki ya 2

Nyumba kwa nyumba, jioni tano mfululizo. Tunaomba watu watusimulie mwaka mmoja uliopita. Tumebisha nyumba 61, zimetufungulia 44. Wengine wanazungumza kupitia tundu la mlango, na siwalaumu.

Nyumba iliyonikaa moyoni ni ya bibi mmoja anayeishi na mjukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuandika au mmekuja kuuza?"

"Kuandika, bibi."

"Basi kaeni. Mimi nimeibiwa mara mbili, dirisha lile lile la jikoni. Mara ya pili walikuja na gunia. Walishajua nina nini."

Kati ya mara ya kwanza na ya pili zilipita siku 19. Komeo lililovunjwa lilikuwa limefungwa kwa waya tu, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtengenezea. Hakuna jirani aliyejua habari ya wizi wa kwanza, hata wale wanaoliona dirisha hilo kutoka uani kwao.

Wanaochunguza uhalifu wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980, eneo la makazi la Kirkholt, mjini Rochdale, Uingereza, lilisumbuliwa sana na wizi wa majumbani. Waliochunguza waliona kwamba nyumba ikishavunjwa mara moja, uwezekano wa kuvunjwa tena unapanda. Mwizi ameshajua njia ya kuingia, ameona alichoacha, na anajua kilichochukuliwa kitanunuliwa kipya. Kwa hiyo nguvu zote zilielekezwa kwa waliokwisha kuibiwa: makomeo yakaimarishwa, mita za gesi na umeme za kutumbukiza sarafu, ambazo zilikuwa zikivunjwa kwa ajili ya fedha zilizomo, zikaondolewa, na majirani kama sita wanaoizunguka kila nyumba iliyoibiwa wakaombwa kuiangalia. Ndani ya miezi mitano wizi ulishuka hadi asilimia 40 ya ulivyokuwa kabla.

Seremala hakusubiri mkutano wowote. Alimwekea bibi komeo jipya jioni ile ile. Mimi nilizunguka nyumba tano zinazoliona dirisha na kuwaambia wenyewe. Mmoja wao alishika kichwa: "Mbona hakutuambia?" Nadhani aliona haya. Watu wengi wanaona haya kuibiwa, kana kwamba wao ndio waliokosea.

Wiki ya 4

Toleo la 1 limetoka, nakala 70.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya mbele kuwe na nini. Mwalimu alitaka ukurasa wa kwanza wote uwe wa matukio ya wizi, kwa herufi kubwa, "watu waamke." Nilimpinga, na nitaendelea kumpinga kwa heshima zote anazonidai yeye na mvi zake. Katika baadhi ya mitaa ya Chicago iliyochunguzwa miaka ya 1980, hofu iliongezeka baada ya mikutano ya kuzuia uhalifu. Watu waliingia mkutanoni wakijua kisa kimoja na wakatoka na visa ishirini. Mtu mwenye hofu anajifungia ndani mapema, anaacha kukaa barazani, anaacha kumsalimu asiyemjua. Barabara inabaki tupu, na barabara tupu ndiyo mwizi anayoitaka.

Kwa hiyo mbele tumeweka bomba lililopasuka na lini litatengenezwa, mtoto aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka mwisho, funguo zilizookotwa, na tangazo la mwalimu la kuwafundisha watoto hesabu Jumamosi. Matukio yako nyuma, kwa herufi za kawaida, kila moja na jambo la kufanya.

Wiki ya 5

Mkutano wa kwanza wa wazi. Penye wengi pana mengi: walikuja watu hamsini na kitu, na nusu yao walikuja na neno moja, doria. Vijana wanataka kukesha. Wameona kwenye karatasi kwamba wezi wanapendelea saa kumi alfajiri, na wako tayari kuamka saa tisa.

Ari yao ni nzuri na sikutaka kuivunja. Nilisimama kwa ajili ya jambo la marungu tu. Niliwasimulia kisa cha Sanford, Florida. Tarehe 26 Februari 2012 mlinzi wa kujitolea wa mtaa, mwenye bastola, alimwona kijana asiyemfahamu akitembea kwenye mvua. Alipiga simu polisi, akaambiwa hapakuwa na haja ya kumfuata. Dakika chache baadaye kijana huyo, Trayvon Martin, mwenye miaka 17 na asiye na silaha, alikuwa amekufa kwa risasi. Alikuwa anarudi alikofikia. Mahakama ilimwachia huru mpiga risasi mwaka uliofuata, na wazazi wale hawakurudishiwa mtoto wao.

Ukumbi ulinyamaza. Halafu yule shangazi wa kijana wa shati jekundu, ambaye sikujua kama amekuja, akanyanyuka nyuma na kusema: "Mnaotaka marungu mnitazame mimi kwanza." Akakaa. Hakuhitaji kuongeza.

Tumekubaliana: watembee wawili wawili, wavae kitu cha kung'aa, wawe na tochi na simu. Hakuna silaha ya aina yoyote. Hawamsimamishi mtu, hawampekui, hawamfuati. Wakiona jambo, wanapiga simu polisi na kukaa mbali.

Wiki ya 6

Naandika hili mapema asubuhi ili lisipite. Toleo la kwanza lilikuwa na kosa kubwa, na kosa ni langu.

Niliandika kwamba wezi wanapendelea saa kumi alfajiri. Nilikuwa na taarifa tatu kutoka kundi la simu, zote zikitaja saa kumi na dakika kadhaa. "Wameingia 10:05." "Kamera imewanasa 10:20." Nikazisoma kama tunavyosoma saa siku zote, na kwa kuwa akilini mwangu mwizi ni mtu wa giza, neno alfajiri nikaliongeza mimi. Jana binti wa seremala alikwenda kwa mwenye kamera kuomba aione picha yenyewe. Picha ina jua. Kuna nguo zinakauka kwenye kamba. Kamera inahesabu saa kuanzia katikati ya usiku, kama simu zetu zinavyofanya, na 10:05 yake ni saa nne na dakika tano asubuhi.

Tunaishi na saa mbili kwa wakati mmoja, na tumezizoea kiasi kwamba hatuoni tunapovuka kutoka moja kwenda nyingine. Mtu anatazama simu, inaonyesha 2:15, anaandika "saa 2:15 usiku". Je, ni baada tu ya chakula cha jioni, au ni saa nane na robo watu wamelala fofofo? Kwa kumtakia mtu usiku mwema haina madhara. Kwa daftari la matukio inapotosha kila kitu.

Tukarudi kwa wote waliosimulia. Safari hii hatukuuliza saa. Tuliuliza: jua lilikuwa wapi? Watoto walikuwa wameshakwenda shule? Taa za barabarani zilikuwa zinawaka? Kwa njia hiyo, kati ya matukio 17 ya kuvunja nyumba yaliyomo daftarini, tumepata wakati wa uhakika wa 11. Manane kati ya hayo yalitokea kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Moja tu ndilo la alfajiri.

Vijana sita wamekesha kwa ajili ya sentensi yangu moja, wakaenda kazini wamechoka, na saa nne asubuhi mtaa ulikuwa hauna mtu. Nimekwenda kumwomba radhi kila mmoja nyumbani kwake.

Mwalimu alinikumbusha kisa cha Kitty Genovese, aliyeuawa Machi 1964 huko Queens, New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walitazama shambulio lile na hakuna hata mmoja aliyepiga simu polisi likiendelea. Habari hiyo ilizunguka dunia na kuingia katika vitabu vya saikolojia kama mfano wa majirani wasiojali. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba wengi wa watu hao hawakuona kitu, walisikia sauti tu. Kwamba mwanamume mmoja alipiga kelele dirishani na mshambuliaji akakimbia kwa muda. Na kwamba jirani mmoja mwanamke alishuka na kumshika Kitty mikononi akiwa mahututi. Mwaka 2016 gazeti lenyewe likakiri kwamba taarifa ile ilikuwa na kasoro. Yule jirani aliyeshuka alikuwa amesomwa kwa miaka hamsini kama mmoja wa wasiojali.

Kuanzia sasa kila wakati unaandikwa mara mbili: saa 4:05 asubuhi, yaani 10:05. Masahihisho yatakuwa juu kabisa ya toleo la 2, kabla ya bomba, kabla ya mtoto.

Wiki ya 7

Swali limebadilika. Sasa tunauliza nani yuko nyumbani saa nne asubuhi.

Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson waliandika kwamba uhalifu wa kuiba unahitaji mambo matatu yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachomvutia, na kukosekana kwa wa kukilinda. Walionyesha kuwa nchini Marekani wizi wa majumbani mchana uliongezeka kadiri watu wengi zaidi walivyotoka kwenda kazini na kuacha nyumba bila mtu. Nia ya mwizi hatuwezi kuigusa. Ile nafasi tupu tunaweza.

Tukahesabu waliopo asubuhi: wazee saba, fundi cherehani anayeshona akitazama barabara, mama wawili wenye watoto wachanga, muuguzi wa zamu ya usiku ambaye analala na hatumsumbui, na kijana mmoja anayefanyia kazi nyumbani. Hao ndio walinzi wetu. Wazee wamekubali kuhamisha viti: badala ya uani, barazani, kwa zamu wanazopanga wenyewe. Fundi cherehani amesogeza mashine hatua mbili tu ili aone na uchochoro.

Wanachofanya ni kusalimu. "Habari za asubuhi, karibu, unatafuta nyumba gani?" Mgeni wa kweli anafurahi kuelekezwa. Mwenye nia mbaya anajua kuna mtu ameuona uso wake na kuisikia sauti yake. Salamu ile ile inawafaa wote wawili, na haimjeruhi asiye na kosa. Kama kungekuwa na mtu mmoja barazani jioni ile wa kumwuliza kijana wa shati jekundu anatafuta nyumba ya nani!

Wiki ya 9

Taa. Hili tulilichukua kwa sababu ya simu zinazokwapuliwa jioni kwenye njia ya mkato. Matukio manne daftarini, yote kati ya saa moja na saa tatu usiku. Tulitembea njia nzima tukiwa na karatasi na kuweka alama: inawaka, haiwaki, inawaka lakini haisaidii.

Aina ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Kuna taa moja kali sana, mwenyewe anaionea fahari, imeelekezwa moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Ukisimama hatua tano mbele yake huoni chochote kilicho nyuma yake. Seremala alisimama pale akiwa na shati jeupe na sikumwona mpaka aliposema. Taa nzuri inatazama chini na imefunikwa juu, na ni afadhali taa kadhaa za wastani kuliko moja ya kupofusha, kwa sababu jicho likizoea mwanga mkali linashindwa na kivuli kilicho kando yake. Mwenye taa alikubali kuigeuza tulipomsimamisha mahali pale pale.

Mwanga wenyewe unasaidia. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya umma na kuacha mengine kama yalivyo, kwa kura ya bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa zaidi ya theluthi palipowekwa. Sisi hatuna minara. Tuna mbao mbili zilizoanguka kwenye ua na mti ulioinama. Kipimo tulichotumia ni rahisi: vichaka vya kando ya njia visipite urefu wa mita 1, na matawi ya miti yaanzie mita 2 kwenda juu, ili katikati macho yapite. Kazi ya asubuhi moja, watu kumi na wawili, mapanga na mkokoteni.

Taa za barabarani ambazo haziwaki tumeziripoti kwa wahusika, kila moja kwa namba ya nguzo yake.

Wiki ya 10

Hakuna tukio lililoripotiwa. Tumeandika hivyo hivyo kwenye karatasi, mstari mmoja.

Wiki ya 12

Siku ya milango, chini ya seremala. Nilidhani tutazungumzia vitasa. Yeye alianza na skrubu.

Alifungua mlango wa ofisi ya mwalimu, akachomoa kibati kilicho kwenye mwimo, kile kinachopokea ulimi wa kitasa, na kutuonyesha skrubu zake: fupi kama kucha. "Mlango ukipigwa teke," alisema, "kitasa hakivunjiki. Kinachopasuka ni mbao hii nyembamba." Akaweka skrubu za milimita 75, zinazopenya mwimo mpaka kwenye ukuta au nguzo iliyo nyuma yake. Akafanya hivyo hivyo kwenye bawaba. Kazi ya dakika kumi na tano kwa mlango. Tumepita milango tisa siku ile na wenye nyumba wengine wamejifunza kufanya wenyewe.

Halafu nondo. Mtoto wa yule bibi alikuwa ameleta fundi wa kuchomelea ili afunge madirisha yote. Hapa nilisimama imara kuliko kawaida yangu, kwa sababu nondo zisizofunguka zinamzuia aliye ndani vile vile zinavyomzuia aliye nje, na moto haungoji. Angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kutokea ndani, na kama zina kufuli, ufunguo utundikwe karibu, mahali ambapo mkono wa mtu aliye dirishani nje haufiki na kila mwana nyumba anapajua gizani. Mtoto wa bibi aliona ninamcheleweshea kazi. Mjukuu, wa miaka kumi, ndiye aliyeuliza, "Na sisi tutatokea wapi?" Fundi akaweka bawaba.

Wiki ya 14

Wiki nzito.

Jirani mmoja, mtu ninayemheshimu, ameibiwa baiskeli ya mwanawe. Alikuja na picha ya kijana mmoja wa mtaani na kutaka tuitoe kwenye karatasi.

"Ulimwona akiichukua, kaka?"

"Sikumwona. Lakini kila mtu anamjua tabia yake."

"Hatuwezi kuiweka."

"Kwa hiyo mnamlinda mwizi?"

Nilimwambia kwamba Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 11, linasema kila anayeshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria. Halikumgusa, na naelewa kwa nini. Mwanawe anakwenda shule kwa miguu sasa. Nilijitolea kwenda naye polisi ili aeleze shaka yake kwa watu wenye mamlaka ya kuichunguza. Tulikwenda. Njiani hatukuzungumza. Alitoa maelezo, akapata namba ya taarifa, na tuliporudi alishuka bila kuniaga.

Kwenye daftari: baiskeli ya bluu, ya mtoto, nje ya nyumba, haikufungwa, kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, yaani 15:00 hadi 16:00. Kwenye karatasi: vivyo hivyo, pamoja na ombi kwamba yeyote aliyeiona apige simu.

Wiki ya 16

Kwa sababu ya baiskeli ile tumefanya Jumamosi ya namba, na imekuwa siku bora kuliko zote tangu tuanze. Watoto walikuja na kalamu. Tuliwapindulia baiskeli juu chini na kuwaonyesha namba iliyochongwa kwenye chuma, mara nyingi chini kabisa, pale mhimili wa pedali unapopita. Watoto wanapenda kugundua kitu kilichofichwa. Kufikia mchana walikuwa wanaburuta na za wakubwa.

Kwa simu, unabonyeza *#06# na namba ya utambulisho wa simu inatokea, tarakimu 15; simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Iandike kwenye karatasi na uiweke nyumbani. Ukiibiwa, ndiyo unayoipeleka polisi na kwa kampuni ya simu. Tulisisitiza mara kwa mara kwamba namba hizi hatuzitaki sisi. Orodha ya vitu vyote vya thamani vya mtaa mzima, ikikaa mahali pamoja, ni zawadi kwa mwizi.

Yule baba wa baiskeli hakuja. Mwanawe alikuja, na baiskeli aliyoazimwa na rafiki.

Wiki ya 19

Afisa wa polisi alikuja kwenye mkutano kwa mwaliko wetu. Lililowasaidia watu zaidi ni maelezo yake juu ya ushahidi: ukikuta nyumba imevunjwa, usiingie kama huna hakika kwamba wameondoka, usiguse, usifagie, eleza mwelekeo walioelekea kabla ya kueleza mavazi, kwa sababu shati linavuliwa kwenye kona inayofuata. Niliposikia neno shati nilimtafuta shangazi kwa macho. Alikuwa anaandika.

Watu walimweleza nao lao: kwamba wameshawahi kwenda kutoa taarifa na kurudishwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Tumeamua kwamba atakayeibiwa ataandamana na mmoja wetu, na hatutarudi bila namba ya taarifa. Tukio lisiloandikwa kule halihesabiwi pale wanapopanga askari waende wapi.

Wiki ya 22

Binti wa seremala ameleta hesabu. Katika wiki 22 hizi nyumba 4 zimevunjwa; katika wiki hizo hizo za mwaka uliopita, 7. Hakuna nyumba iliyovunjwa mara mbili. Simu zilizokwapuliwa njia ya mkato: 1.

Mwalimu alitaka tuandike "Wizi wapungua karibu nusu." Binti akakataa, na nilifurahi kuona jinsi alivyokataa, kwa upole na bila kurudi nyuma. Namba ndogo zinayumba, alisema. Nyumba tatu zikivunjwa mwezi ujao tumerudi tulikotoka, na ya mwaka jana ni kumbukumbu za watu, si daftari. Mapitio ya tafiti nyingi za ulinzi wa majirani yalipata wastani wa upungufu wa asilimia 16 hadi 26, na hata hapo zipo tafiti ambazo hazikuona tofauti. Tumeandika namba zenyewe, 7 na 4, na kwamba ni mapema kusema kwa nini.

Swali jingine aliloleta ni kama tumewasukumia wezi mtaa wa jirani. Hofu hiyo ni ya haki. Uchunguzi wa Jersey City, Marekani, uliotoka mwaka 2006, ulikuta kwamba polisi walipokaza ulinzi kwenye maeneo mawili ya uhalifu, mitaa ya kando nayo ilinufaika badala ya kuupokea uhalifu huo. Lakini Jersey City si hapa. Amekwenda mwenyewe kwa majirani wa ng'ambo kuwauliza, na wameomba wapewe mfano wa daftari letu. Amewachorea safu nne.

Wiki ya 24

Toleo la 11, nakala 110, pamoja na za ng'ambo. Kuanzia leo daftari linakaa kwa binti wa seremala. Mimi nitabaki kusahihisha na kusambaza.

Baiskeli ya bluu haijapatikana. Baba yake alinisalimu juzi, kwa ufupi. Jana alikaa barazani zamu ya asubuhi, siku yake ya mapumziko, bila kuombwa na mtu.

Tukio la mwisho lililoandikwa, kwa mwandiko mpya: "Dirisha la jikoni kwa bibi limejaribiwa. Komeo limeshika. Jirani wa nyuma alisikia mlio, akafungua mlango na kusalimu kwa sauti kubwa. Waliondoka kuelekea njia ya mkato, watu wawili. Saa 4:40 asubuhi, yaani 10:40. Namba ya taarifa ipo. Taa ya nguzo ya tatu haiwaki tena, imeripotiwa leo. Majirani watano wameambiwa."